Pumzi Moja ya Mrija Wangu

Jumatatu, 3 Agosti

Bado nipo. Daktari alikisia vingine. Sina nia ya kumwaibisha, lakini amenipa sababu.

Hali: mapafu yamekakamaa. Kupanda ngazi siwezi. Kuimba siwezi. Kugombana naweza, mradi niwe nimekaa. Daktari aliniuliza kama kazini niliwahi kuvuta vumbi. Nikamjibu nimelivuta muda wote niliofundisha chuoni, vumbi la kauri, tena la hali ya juu. Hakucheka. Madaktari wa siku hizi!

Naandika kwa sababu ninakufa, na anayekufa anatakiwa aseme kweli mahali fulani. Kwa mdogo wangu siwezi kuisema. Yeye ndiye ninayemdanganya.

Kando ya kitanda changu kuna mashine. Inavuta hewa ya chumbani, inaipitisha kwenye punje ambazo hukamata nitrojeni, na oksijeni inayobaki inaniingia puani kwa mpira. Inanguruma kutwa kucha. Inaniweka hai. Naichukia.

Sababu ni hii. Maisha yangu yote nimeyamaliza kwenye njia nyingine: mirija ya kauri, myembamba kama njiti ya kiberiti, yenye uwazi katikati. Upashe mrija moto mpaka uwe mwekundu kama kaa, na oksijeni peke yake itapenya ukutani mwake. Hewa nyingine yote inabaki nje, inagonga bila kufunguliwa. Hakuna punje. Hakuna ngurumo. Kasoro ndogo: mirija huvunjika. Kasoro nyingine ndogo: hutoa oksijeni ya kujaza kijiko. Na kila mkutano wa idara mwenzangu mmoja alisimama, akashusha miwani, akasema punje zitashinda. Nikampa jina la Bwana Punje. Yeye akaniita Mama Mrija. Leo hii nalala na hoja yake puani.

Shauri langu ni dogo. Nataka kuvuta pumzi moja, moja tu, ya oksijeni iliyopita kwenye mrija wangu. Kisha niende zangu.

Kikwazo: mdogo wangu. Mkunga mstaafu, mwenye macho ya mkunga. Nusu ya mji huu imeingia duniani kwa mikono yake. Binti yake anakaribia kujifungua, mimba ya kwanza, mji wa mbali, safari ya basi kutwa nzima. Begi limeshafungwa. Lakini amesema haondoki mpaka ajue nimetulia. Hakuna chuo, hakuna tanuri, hakuna kuvua mpira. Akataka niape.

Nikaapa kwa sauti ya mgonjwa mahututi. Kwa mapafu haya, sauti hiyo hainigharimu kitu.

Jumanne, 4 Agosti

Amekuja Mrithi. Ni mwanafunzi wangu wa zamani. Sasa ana chumba changu cha maabara, tanuri langu na kiti changu, ambacho amekibadilisha kitambaa bila kuniuliza. Kijana mzuri. Mvi zimemjaa.

Alileta mrija mmoja kwenye kisanduku chenye pamba. Nikautazama kwa lenzi. Nikakaribia kulia, nikasingizia mpira wa puani.

Ameutengeneza nilivyomwelekeza! Kwa kawaida unakamua uji wa kauri kwenye tundu la duara, maji yakipita katikati, na mrija unaangukia ndani ya beseni la maji na kuganda. Lakini maji hugandisha ndani na nje kwa pamoja, kwa hiyo mrija unapata ngozi mbili, na oksijeni inalazimika kupenya zote. Nimelia na jambo hili tangu nikiwa na meno yote. Nikamwambia achanganye kiyeyushi kwenye maji ya katikati, ili ndani pagande polepole, pabaki wazi kama sifongo. Ngozi iwe moja, ya nje, nyembamba. Amefanya. Mirija imetoka tanurini mizima.

Anasema alifanya ili kuniridhisha tu. Nimemsamehe.

Likabaki suala la kuufunga. Mrithi huukaza mrija pande zote mbili. Ukipata moto unarefuka, hauna pa kwenda, unapasuka. Nikamwambia azibe ncha ya chini na kuuning'iniza kwa ncha ya juu tu, pampu ivute oksijeni kutoka juu. Kitu ukikibana huku na huku kitapasuka, nilimwambia, kiache upande mmoja kiwe huru. Akasema, Mwalimu, ukiuachia utayumba. Nikamuuliza utayumbishwa na nini, kwani ndani ya tanuri kuna upepo? Akakifunga kisanduku. Amelelewa vizuri.

Ataujaribu Alhamisi. Nikamwambia nitakuwepo. Akacheka, akidhani ni maneno ya mgonjwa.

Mdogo wangu akaingia na supu. Akamtazama Mrithi, akatazama kisanduku, akaniuliza hicho ni nini. Nikasema zawadi. Akasema zawadi gani hiyo ya kuchokoa meno. Kisha akataka kunipima kwa kile kidude kinachobanwa kidoleni na kusoma oksijeni ya damu. Nilishajiandaa. Nilipomsikia ukumbini nilianza kuvuta pumzi ndefu mfululizo, hadi masikio yakapiga filimbi. Kidude kikasoma vizuri ajabu. Uso wake ukang'aa. Akasema Dada, unaona sasa? Ukitulia mwili unakusikiliza.

Akaenda jikoni akiimba. Siku nyingi sijamsikia akiimba. Nilijisikia vibaya, kisha supu ikapoa, nikapata la kulalamikia.

Jumatano, 5 Agosti

Bwana Punje! Amekuja na machungwa na afya. Ana umri wangu na bado anaendesha gari. Hakuna haki.

Aliketi, akainamisha kichwa upande wa mashine na kuisikiliza, kama baba anayemsikiliza mwanawe akighani mbele ya wageni. Akauliza kama inanifaa. Nikasema kelele tu. Akasema kelele hiyo, Mama Mrija, ndiyo inayokupa nguvu za kunitukana. Nikamwambia angekuwa na adabu angeleta machungwa yaliyomenywa.

Akayamenya. Mikono inamtetemeka. Sikujua.

Nikamtega. Nikamwambia kesho mrija wangu unajaribiwa, na yeye lazima anaogopa kuuona. Akasema haogopi, anaona huruma tu. Nikasema basi anipeleke akaone huruma kwa karibu. Akauliza mdogo wangu anasemaje. Nikamjibu mdogo wangu ndiye aliyependekeza nipate hewa ya nje.

Uongo huo niliutoa kwa pumzi moja. Nilijivunia.

Limebaki jambo la muuguzi wa kukodi, atakayekaa nami mdogo wangu akiondoka. Nikampigia simu. Nikamwambia kesho asije asubuhi, aje baada ya chakula cha mchana, mgonjwa atakuwa amelala. Akauliza anaongea na nani. Nikasema na dada wa mgonjwa. Hilo angalau ni kweli ukiligeuza kidogo.

Jioni binti akapiga simu. Mgongo unamvuta na tumbo linakaza, linaachia. Mdogo wangu alimuuliza maswali ya kikunga kwa sauti tulivu kabisa. Alipokata simu akaketi ukingoni mwa kitanda changu, na mikono yake ikawa haijui pa kukaa. Akaniambia amepokea watoto wa watu ambao hata jina lake hawakuuliza. Amepokea kwenye mvua, kwenye gari, jikoni kwa watu. Huyu mmoja anamtaka kwa ajili yake mwenyewe. Kisha akasema, lakini Dada, ukiniambia nibaki, nitabaki.

Nikamwambia nenda. Nenda alfajiri, basi la kwanza. Akanikumbatia, mpira ukanitoka puani, akaurudisha.

Neno lilikuwa jema. Sababu yake mimi ndiye niliyeijua.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimefaulu! Nimeipata! Acha niandike kwa mpangilio kabla hawajaninyang'anya kalamu.

Alhamisi mdogo wangu aliondoka. Bwana Punje akafika. Alitaka nichukue ile mashine ndogo ya kubeba. Nikakataa. Ndani yake kuna punje zilezile, na mimi siendi kwenye harusi yangu nikiwa nimeshikwa mkono na mume wa jirani. Akasema haya, akaenda kunitafutia kiti cha magurudumu. Alichelewa kidogo uani. Nilidhani ni uzee.

Maabara ni ileile. Dirisha lilelile lisilofunga. Mrithi aliponiona alishika kichwa. Akasema Mwalimu, utaniua mimi kabla yako. Nikamwambia aangalie tanuri, asiniangalie mimi.

Tanuri lilikuwa juu ya meza ndefu, na katikati yake, kwenye kitundu cha kuchungulia, niliuona. Mwekundu. Mnyoofu. Umening'inia kwa ncha yake ya juu bila kugusa chochote. Pampu ilivuta taratibu, na kilichotoka kilipita kwenye glasi ya maji ili tukione. Tukangoja.

Kiputo.

Kimoja, kidogo kama kichwa cha pini. Kikapanda, kikapasuka. Tukangoja tena. Kingine. Hata Bwana Punje alisogea, akavaa miwani. Nilikadiria kichwani: kwa mwendo ule, pumzi moja ya kunitosha ingehitaji mirija ya kujaza chumba, au mimi kuishi mpaka uzee wa pili. Lakini kilikuwa kinatoka! Kilipenya ukutani! Niliinama juu ya meza nikione vizuri. Hapo kifua kikanibana, nikakohoa, kikohozi kile kinachoanzia miguuni. Nikaishika meza isije ikaniacha.

Kitu kikalia, ting. Kisha viputo vikaja kwa wingi! Vikafurika! Maji yakachemka kwa viputo! Nikapiga kelele kwamba mrija umefunguka, umezoea moto, niliwaambia, si niliwaambia! Nikauchomoa mpira kwenye glasi, nikauweka puani, nikavuta.

Sijui nieleze vipi. Tamu. Nyepesi. Ilinipita kifuani ikafika mahali ambapo hakuna kitu kilichofika tangu mwaka juzi. Nilivuta tena. Niliwaona Mrithi na Bwana Punje wakitazama kipimo cha oksijeni, kisha wakitazamana. Bwana Punje akavua kofia. Nikadhani ni heshima.

Baada ya hapo sikumbuki. Nasikia nilibadilika rangi. Nasikia Bwana Punje alikimbia, yeye, na miguu ile, mpaka kwenye gari, kwa sababu ile mashine ndogo aliificha chini ya kiti. Punje zake ndizo zilizonirudisha. Hakulisema hilo. Angelisema ningepata la kumjibu.

Nilipofumbua macho nilikuwa nyumbani, na mdogo wangu ameketi kitini, begi mapajani, viatu vya safari mguuni. Mrithi alikuwa amempigia simu akiwa njiani. Mdogo wangu aliteremka kwenye basi, akangoja gari la kurudi kando ya barabara.

Nitasema kweli, maana ndiyo kazi ya kitabu hiki. Nilipomwona nilifurahi. Furaha ya mtoto aliyeamka akamkuta mama. Sikutaka kufa mbele ya muuguzi wa kukodi. Sikumwambia mtu. Hata mimi mwenyewe sikujiambia mpaka nilipouona uso wake.

Kisha nikafungua mdomo. Sikuuliza habari za mtoto. Niliuliza habari za mrija.

Mtoto alizaliwa usiku uleule. Msichana. Mzima, na mama mzima. Alipokelewa na mkunga wa zamu.

Jumapili, 9 Agosti

Mrithi amekuja. Ameketi kwenye ukingo wa kiti, magoti pamoja, kama siku alipokuja kuniomba nimsimamie masomo. Nikamwambia anipe takwimu. Ilikuwa safi kiasi gani, ile niliyoivuta?

Akasema, Mwalimu, tuyaache hayo. Nikamwambia mimi ninakufa, sina muda wa kuyaacha.

Akasema.

Nilipokohoa niliitikisa meza. Meza ikalitikisa tanuri. Mrija uliokuwa umeachiwa ncha ya chini uliyumba, ukagonga ukuta, ukavunjika. Pampu ikaanza kuvuta hewa ya kawaida kupitia ufa. Ndivyo vile viputo. Kipimo kilishuka palepale mpaka kwenye hewa ya barabarani. Nilichovuta ni hewa ya maabara yangu, pamoja na vumbi lake.

Nikauliza, na kabla ya hapo? Vile viputo vidogo?

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Safi kabisa, Mwalimu. Mrija mmoja umetoa maradufu ya yetu yote ya zamani. Ulifanya kazi vizuri mno. Mpaka ulipokohoa.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni na dawa. Hatukumsikia. Akaweka sinia chini, polepole. Akasema kwa hiyo nimekosa kumpokea mjukuu wangu kwa ajili ya hewa hii hii. Akaonyesha chumba kwa mkono. Hii hii ya bure.

Kisha akaanza kucheka. Alicheka akishika mlango, akasema Dada, Dada, na unasema ilikuwa tamu! Mrithi naye akacheka kwa adabu. Mimi nikacheka mpaka kidude cha kidoleni kikalia. Katikati ya kicheko hicho, sikuona ilianza saa ngapi, mdogo wangu alikuwa analia. Hakufunika uso. Alisimama pale machozi yakimtiririka, kama mtu aliyesahau kwamba kuna watu chumbani.

Mrithi akaaga bila kukohoa.

Nilitaka kuomba radhi. Niliiandaa sentensi kichwani, yenye mwanzo na mwisho. Lakini pumzi yangu haikutosha sentensi ndefu, na fupi zote zilionekana za dharau. Nikanyoosha mkono. Akaja, akanipa dawa, akanifuta kidevu. Akaupanga mpira puani kwangu kwa vidole vilevile.

Baadaye nilimsikia jikoni na simu. Hakuwa anaongea. Alikuwa anamsikiliza mtoto akilia. Alisikiliza muda mrefu sana. Mara moja tu akasema, mnyanyue kichwa, hivyo, umeona?

Jumanne, 11 Agosti

Ameondoka leo. Mimi ndiye niliyemtaka aende, na safari hii sikujipangia kitu. Angalau sikuwa nimejipangia wakati ule.

Asubuhi alinisafisha, akanichana nywele, akanivalisha gauni la kijani. Akanionyesha picha ya mtoto kwenye simu. Sura ya mtu aliyeamshwa kwa ajili ya jambo lisilomhusu. Nikasema amefanana na mimi. Akasema Mungu apishe mbali. Tukacheka kidogo, kwa tahadhari.

Akamwelekeza muuguzi kila kitu. Bwana Punje naye ameahidi kuja kila siku. Mdogo wangu alimsema huyo mzee wa watu mpaka akaomba maji. Kisha akaja kitandani kwangu, akaniinamia, akaniambia neno moja. Nisubiri.

Nikamwambia nitamsubiri. Akanitazama kwa macho yake ya kikunga, yale yanayojua mtu amebakiza muda gani kabla ya kuja. Nadhani yanajua pia kabla ya kwenda. Akanibusu paji la uso, akarudi tena kutoka mlangoni akanibusu mara ya pili, akijifanya amesahau mwavuli.

Sijui kama nilimdanganya. Kwa mara ya kwanza uongo wangu hauko mikononi mwangu.

Nimelala nikasikiliza nyumba bila yeye. Mashine inanguruma. Muuguzi anatembea kwa viatu laini. Nimelia, basi. Nimeandika, limekwisha.

Baada ya kulia akili hunikaa sawa. Nimeyatafakari yote kwa utulivu, na nimegundua kosa. Lilikuwa la meza. Meza nyepesi! Mrija ulikuwa mzuri, ngozi ilikuwa nzuri, kuuning'iniza ndiyo njia hasa. Meza ile ilinunuliwa na idara wakati Bwana Punje akiwa mkuu wake. Ningejua tangu mwanzo!

Na mimi siwezi tena kwenda kwenye tanuri. Hilo nakubali, watu wasiseme sijifunzi. Tanuri ndilo lije kwangu. Mrithi ana lile dogo, halitumiki, na bado ana mirija ya aina yangu kwenye pamba. Chumba cha mdogo wangu kina sakafu ya saruji na umeme mzuri. Pumzi moja tu. Viputo nitavikusanya kwenye mfuko kidogo kidogo, siku nzima, nikiwa nimekaa mbali, sikohoi.

Bwana Punje alipofika nilimweleza. Akasema moto wa tanuri na mashine ya oksijeni havikai nyumba moja, hata mtoto anajua. Nikamwambia hayo ni maneno ya mtu wa punje. Akasema amemwahidi mdogo wangu. Nikamwambia mimi pia, na angalia nilivyo mtulivu. Akamenya chungwa lote. Kisha akauliza tanuri lenyewe lina upana gani.

Shauri limepita! Amepima mlango wa chumba kwa mkanda wake wa suruali. Linaingia bila shida, mradi kitanda cha mdogo wangu kitoke. Kesho atakuja na Mrithi wakitoe. Muuguzi tutamwambia ni kunguni.

Bwana Punje, akiwa ameshavaa kofia, akauliza na mdogo wangu akirudi atalala wapi.

Nimemwambia atalala kitandani kwangu. Wakati huo kitakuwa wazi.